Mganga Hajigangi

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkejeli mtu awafaaye wengine akashindwa kujifaa mwenyewe. Hata hivyo, ina maana nyingine iliyo nzito zaidi: mganga naye huugua, na augupo hana budi kutafutiwa mganga mwingine.

Maana hiyo ya pili ndiyo iliyosahauliwa katika malezi ya madaktari wetu. Mnamo Septemba 2024, daktari mwanagenzi katika Kaunti ya Kiambu alijitoa uhai. Chama cha madaktari, KMPDU, kilieleza kuwa alikuwa ametoka katika zamu ya saa 36. Mapema mwaka huo madaktari waligoma kwa siku 56. Miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba serikali ilitaka kuwalipa wanagenzi Sh70,000 kwa mwezi, badala ya takriban Sh206,000 za mkataba wa 2017.

Tulitazame jina lenyewe. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi mbele ya fundi. Iwapo anaachiwa wagonjwa usiku kucha pasipo na wa kumwuliza, basi jina limebaki ilhali uanagenzi umekwisha.

Chukua mfano wa Wabera, katika mji wa Isiolo, ambako Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana na Kisamburu husikika sokoni. Daktari kijana atokaye mbali akifanya kazi katika mji kama huu, huenda akalazimika kumpasha mama habari za kifo cha mwanawe kupitia kinywa cha mkalimani. Kisha atarudi chumbani na mzigo ule kifuani, asipate wa kumweleza.

Lugha yetu haikupungukiwa na maneno ya hali hiyo: simanzi, fadhaa, sonona. Lakini mitaani tumeyaacha yote tukashika moja tu, wazimu. Nani atakubali kuitwa hivyo? Isitoshe, mkubwa anayepaswa kuambiwa aghalabu ndiye atakayeamua kama kijana amefuzu. Sheria nayo ilitisha: kujaribu kujiua kulihesabiwa jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba.

Mwaka wa 2017, Chama cha Madaktari Duniani kiliongeza katika kiapo chake ahadi ya daktari kuitunza afya yake mwenyewe ili awahudumie wengine ipasavyo. Ahadi hiyo haitimiziki kwa mtu asiyelala. Zamu ziwekewe kikomo, na kila mwanagenzi apewe mshauri asiyehusika na kumtahini.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Mwanafunzi mwenye alama za juu humhimiza asomee udaktari, na twafanya vyema. Tumfunze pia kutamka bila haya neno “nimelemewa”, na sisi tujifunze kulisikia kabla hajanyamaza.