Baiskeli ya mizigo ya umeme na vilima vya Tarime

Kwenye barabara nyingi za Tarime, mwenye baiskeli iliyobeba madumu mawili ya maji akifika kwenye mlima anashuka na kukokota. Wengi hudhani amechoka, au baiskeli ni mbovu. Fizikia inasema hata mwenye afya njema angeshuka. Hebu tupige hesabu.

Tuchukue baiskeli ya mizigo ya kilo 40, mama wa kilo 65, mtoto wa shule wa kilo 20 na madumu mawili ya lita 20. Jumla kilo 165. Barabara ni ya moramu, inapanda mita 6 kwa kila mita 100. Kuusukuma mzigo huo juu kunahitaji kani ya nyutoni 120 hivi, na sehemu kubwa yake ni ya kushindana na mvutano wa dunia. Mtu mzima wa kawaida anaweza kutoa wati 100 kwa muda mrefu bila kuishiwa pumzi. Gawanya 100 kwa 120 unapata mita 0.8 kwa sekunde, yaani kilomita 3 kwa saa. Anayetembea anakupita! Na kwa mwendo huo hata kubalansi ni shida.

Gia hazikuokoi hapa. Zinapunguza uzito unaousikia mguuni, ila zinakudai uzungushe pedeli mara nyingi zaidi. Wati ni zilezile.

Sasa weka mota ya wati 250. Ukijumlisha na zako unakuwa na 350, na mlima uleule unaupanda kwa kilomita 10 kwa saa. Huo ni mwendo wa baiskeli kwenye tambarare. Kwangu mimi faida kubwa iko hapo: maji, mtoto na gunia la mahindi la kusagisha vinakwenda safari moja badala ya tatu.

Umeme je? Betri ya kawaida ya baiskeli hizi inabeba kama nusu uniti. Kwa mzigo wetu ingekupandisha mlima huo kilomita 16 mfululizo, na hakuna njia ya kwenda sokoni inayopanda tu bila kushuka. Kuijaza, pamoja na umeme unaopotea kwenye chaja, ni uniti 0.6 hivi. Kwa bei ya nyumbani ya karibu shilingi 360 kwa uniti, haifiki shilingi 250.

Kazi ipo kwenye chombo chenyewe. Mota iliyo ndani ya gurudumu ni rahisi, lakini ikipanda polepole na mzigo mzito inapata moto sana. Iliyo katikati, kwenye pedeli, inatumia gia kama wewe, hivyo inavumilia vilima. Inachokula ni cheni. Kwa Tarime ningechagua ya katikati. Kuhusu kushuka, usidanganywe kwamba mteremko utakujazia betri. Mota nyingi za katikati hazirudishi chochote, na sehemu kubwa ya nishati ya kilo 165 inaishia kuwa joto kwenye breki. Breki za kubana rimu wakati wa mvua? Hapana. Tafuta za diski.

Haya si mambo ya Ulaya peke yake. Jinja, Uganda, shirika la FABIO limezitumia baiskeli za umeme za AfricroozE, zilizobuniwa kwa barabara za huku, kubebea mizigo na hata wagonjwa. Zimbabwe, kampuni ya Mobility for Africa inakodisha bajaji za umeme za mizigo kwa vikundi vya wanawake vijijini. Mpango huo wa kikundi naupenda, maana unagusa maswali mawili magumu kuliko umeme: bei ya kununulia, na nani nyumbani anashika ufunguo. Chombo cha kuchotea maji kikishinda senta na baba, madumu yatarudi kichwani.

Kwa safari ya Sirari, kilomita zinazokaribia 20 na mzigo, boda bado inashinda. Baiskeli hii ni ya kilomita tano za kila siku.

Ukiletewa ya kujaribu, ipakie mzigo wako halisi, nenda nayo mlima mkali kuliko yote njiani kwako, simama katikati, halafu jaribu kuondoka. Kisha shuka nayo taratibu na uombe kuonyeshwa fundi atakayeitengeneza. Pancha na spoki kila fundi wa Tarime anaziweza. Kifaa kinachoongoza mota ni habari nyingine.