Duka Lako Linavuja Wapi? Jinsi ya Kuzuia Wizi na Hasara

Mwenye duka akisikia neno wizi, mawazo yake humwendea mteja anayeficha sabuni ndani ya koti. Huyo yupo, na tutamfikia. Lakini katika maduka ya rejareja ya kaunti yetu, kuanzia Mtwapa hadi Mariakani, mali hupotea pia kwa njia zisizo na kelele: mzigo uliopokelewa ukiwa pungufu, mizani inayozidisha, ujumbe wa M-Pesa wa uongo, na bidhaa zilizopitwa na tarehe nyuma ya rafu.

Hasara hizi huonekana ndogo hadi zipigiwe hesabu. Tuseme pakiti ya unga umeinunua kwa shilingi 140 na unaiuza kwa shilingi 150. Faida yako ni shilingi 10. Ikipotea pakiti moja tu, itakubidi uuze pakiti 14 ili urudishe pesa ulizonunulia ile iliyopotea, na hapo bado hujapata faida yoyote.

Anza mlangoni. Mkate na maziwa huletwa alfajiri, wakati wateja wa chai wamejaa kaunta na msambazaji ana haraka ya kwenda duka linalofuata. Hapo ndipo kreti inapopungua bila mtu kujua. Hesabu kabla ya kutia sahihi, hata kama dereva ananung'unika. Mkate uliorudishwa uandikwe kwenye risiti ya siku hiyo hiyo. Ahadi ya mdomo kwamba "kesho tutakatia" husahaulika.

Kisha tazama mizani. Ikizidisha gramu 10 katika kila kilo, gunia la mchele la kilo 50 litakuwa limekupotezea nusu kilo likiisha. Ikipunguza, unamwibia mteja, na hilo ni kosa la jinai. Sheria inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa mhuri kila mwaka, kazi inayofanywa na maafisa wa mizani na vipimo wa kaunti.

Sasa M-Pesa. Mteja anakuonyesha simu yake, ujumbe unasema amelipa, naye ana haraka. Usitoe mali kwa sababu ya ujumbe ulio kwenye simu ya mteja. Subiri ujumbe uingie kwenye simu ya duka, na ukiwa na shaka angalia salio, kwa kuwa ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote lakini salio halibadiliki kwa maneno matupu. Afadhali pia kutumia nambari ya till badala ya nambari yako binafsi. Malipo yanayoingia kwenye simu binafsi huchanganyika na pesa za nyumbani, na mtumaji anaweza kuomba zirudishwe akidai alikosea nambari. Mtu akikupigia akisema ametuma pesa kwako kimakosa, usimrudishie wewe mwenyewe. Mwambie awasiliane na kampuni ya simu.

Noti nazo zisipokelewe kwa mazoea. Ishike noti dhidi ya mwanga uone kichwa cha simba, na upapase maandishi yake yaliyoinuka. Hili hasa jioni, taa ikiwa hafifu.

Suala la wafanyakazi ndilo gumu zaidi, kwa sababu mara nyingi mhudumu wa duka ni mpwa au jirani. Usianze na shuku, anza na kumbukumbu. Kila anayeingia zamu ahesabu pesa za kaunta pamoja na anayetoka, wote waandike na kutia sahihi. Chagua bidhaa chache zinazopotea kwa urahisi, kama vile mafuta ya kupaka, betri, nyembe na kadi za simu, uzihesabu kila jioni. Hesabu ya duka zima inaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Kitabu cha madeni kiwe kimoja, na mteja atie alama yake anapokopa.

Pesa zikipungua, usikimbilie mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu mwajiri kukata kwa kila kilichopotea dukani. Lazima hasara itokane na kusudi la mfanyakazi, au na uzembe au udanganyifu wa mtu ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa. Na makato yote kwa jumla hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Kabla ya kumfukuza kwa wizi, mweleze tuhuma na umsikilize, mwenzake akiwepo. Wizi wa mwajiriwa ukithibitishwa mahakamani, kifungo chake kinaweza kufika miaka 7, wakati wizi wa kawaida ni miaka 3.

Tumrudie yule wa koti. Vitu vidogo vya bei ghali viwe nyuma ya kaunta, na rafu zisizuie macho yako kufika mlangoni. Salamu ya "Karibu, nikusaidie nini?" kwa kila anayeingia humnyima mwizi anachokitaka zaidi, yaani kutoonekana.

Ukimkamata mtu akiiba mbele ya macho yako, sheria inakuruhusu kumshika, kisha umkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haikuruhusu kumpiga wala kuita umati. Watu wameuawa nchini kwa sababu ya vitu vya shilingi mia chache, na wanaopiga hushtakiwa kwa mauaji. Usibandike picha yake ukutani wala kuisambaza WhatsApp: sura ya mtu ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Picha za kamera wape polisi, na mlangoni weka tangazo kwamba duka lina kamera.

Piga simu 999 au 112. Kituoni, nenda na orodha ya vilivyoibwa pamoja na risiti ulizonunulia, na usiondoke bila nambari ya OB.