Mbwa Amekufa, na Mzee Anamwita

Ndugu msomaji, maneno haya ni kwa ajili yako wewe unayeishi na mume au mke aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau, na sasa mbwa wenu amekufa. Labda unaona haya kusema kwamba unamlilia. Watu watacheka: "Mama mzima, analia kwa ajili ya mbwa?" Tena wako majirani waliofiwa na watoto wao katika vita, nawe unajiuliza utafunguaje kinywa chako mbele yao. Basi umenyamaza. Unapika, unafua, unamwosha mzee, na usiku unalia kwa sauti ya chini asikusikie.

Usione haya. Nabii Natani alipotaka kumfikia mfalme Daudi moyoni, hakumletea habari za vita wala za mali. Alimsimulia habari za maskini na mwana-kondoo wake wa pekee, aliyelelewa nyumbani pamoja na watoto. Daudi alikasirika sana kwa ajili ya maskini yule. Hakuuliza kama ni mnyama tu.

Tena fikiri mbwa huyu alikuwa nani nyumbani mwako. Mzee amesahau jina la mtoto wenu wa kwanza, lakini tonge la mwisho la ugali alimtupia mbwa kila jioni. Mzee anauliza neno moja mara kumi. Wewe unachoka, watoto wanachoka, bali mbwa hakuchoka. Na ulipotoka shambani na mzigo wa sombe kichwani, mzee alikutazama kama mgeni, lakini mbwa alikuja mbio mpaka njia panda kukupokea. Alikuwa wa mwisho katika nyumba ile kufurahi kwa sababu umerudi. Sasa ukirudi, kiwanja ni kimya.

Mwalimu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, aliandika kitabu mwaka 1999 juu ya huzuni ya watu kama wewe. Anaeleza kwamba ni vigumu sana kumlilia mtu ambaye bado anakaa mbele yako, kwa maana hakuna maziko, hakuna matanga, wala hakuna siku ambayo watu wanakuja kukupa pole. Mume wako yupo, na tena hayupo. Kisha mbwa anakufa, na machozi yote uliyoyazuia kwa miaka yanapata mlango wa kutokea. Usishangae yakiwa mengi kuliko ulivyofikiri. Si ya mbwa peke yake.

Kabla sijaendelea, nina swali moja la haraka. Mbwa alikufaje?

Kama aligongwa na gari, au alikufa kwa uzee, sawa. Lakini kama tabia yake iligeuka ghafula, kama aliuma watu au miti bila sababu, kama mate yalimtoka, kama sauti yake ilibadilika, kama alishindwa kumeza au miguu yake ililegea, huenda kilikuwa kichaa cha mbwa. Hapa nyumba yako ina hatari kuliko nyumba nyingine, kwa sababu mzee hawezi kukuambia kwamba aliumwa. Amesahau. Mvue nguo mchana, mahali penye mwanga, umkague vidole, mikono, miguu na uso. Ukiona alama ya meno au mkwaruzo, au kama mbwa alimlamba penye kidonda, osha pale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha mwende hospitali siku ile ile mkaombe chanjo. Hata kama siku zimepita, nenda. Dalili kwa watu huonekana mara nyingi baada ya miezi 2 au 3, lakini zaweza kuja baada ya juma moja au hata baada ya mwaka. Zikianza, karibu hakuna mtu anayepona. Chanjo yenyewe si jambo geni: mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa, naye akaishi. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu. Usichunwe, usiliwe, uzikwe katika shimo refu.

Sasa turudi kwa mzee.

Ugonjwa huu waganga wanauita demansi. Mwaka 1906 mganga wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyepotewa na akili kidogo kidogo mpaka akafa. Alipochunguza ubongo wake alikuta umeharibika. Aina ile, ambayo leo ina jina la mganga yule, ndiyo inayowapata wagonjwa wengi. Si uzee tu, kwa maana wako wazee wa miaka 90 wenye akili timamu. Wala si ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nao, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi zisizo na mali nyingi.

Ugonjwa huu unashika kwanza mambo mapya. Mambo ya jana yanapotea, na mambo ya ujana yanakaa. Ndiyo sababu mzee anaweza kukusimulia kila neno la uwindaji wa baba yake, na hajui kama amekula leo asubuhi. Na ndiyo sababu kifo cha mbwa hakiingii. Umemwambia, amesikia, amelia, na neno limeanguka chini kama maji katika kikapu.

Je, umwambie au usimwambie? Wengi wananiuliza neno hili, nami nitajibu kadiri nilivyoona.

Mara ya kwanza, mwambie kweli, kwa maneno machache: "Simba amekufa." Usiseme "amelala," kwa sababu atakwenda kumwamsha. Usiseme "amesafiri," kwa sababu atamngojea. Kama ana nguvu, na kama si kifo cha kichaa cha mbwa, mwache amwone mbwa wake, atie udongo kaburini kwa mkono wake. Mikono hukumbuka mambo ambayo kichwa hakikumbuki, na mtu ambaye hakuzika anatafuta zaidi.

Lakini kesho yake alfajiri atasimama barzani na sahani ya mabaki mkononi, naye atauliza, "Simba yuko wapi?" Ukisema tena "Amekufa," atasikia neno lile kama ni mara ya kwanza. Atalia upya. Baada ya chakula atauliza tena, na tena utamfisha mbwa mbele yake. Kwa juma moja umemfiwisha mara ishirini.

Labda utasema, "Si kitu, atasahau." Hapana. Mwaka 2014 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Iowa, huko Marekani, waliandika habari za wagonjwa 17 wa Alzheimer ambao walionyeshwa sinema za huzuni na za furaha. Baada ya muda mfupi wagonjwa hawakuweza kueleza vizuri walichokiona. Mmoja hakukumbuka hata kwamba kulikuwa na sinema. Lakini huzuni ilibaki ndani yao, na furaha vilevile. Umeelewa, ndugu? Sababu inapotea, bali uchungu unakaa. Mzee atakaa kutwa na moyo mzito, asijue kwa nini, nawe utaona anakataa chakula au anawapigia watoto kelele.

Kwa hiyo baada ya mara ya kwanza, usijibu swali tu. Jibu haja iliyo chini ya swali. Akiuliza Simba yuko wapi, mwambie, "Baba, unamtaka Simba. Hata mimi ninamtaka." Hilo ni kweli tupu. Kisha keti naye kidogo. Mwulize, "Alikuwa mbwa wa namna gani? Alikamata nini siku ile kule mtoni?" Au mrudishe nyuma zaidi, kwa mbwa wa baba yake. Katika misitu yetu wako mbwa wa asili ambao karibu hawabweki, na wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni ili wasipotee porini. (Wazungu wanawaita basenji, nao walionyeshwa London mwaka 1937 kama ajabu kubwa!) Wazee wengi wanaijua sauti ya kengele ile. Mtu ambaye hawezi kutaja siku ya leo atakuonyesha kwa mikono jinsi inavyochongwa. Akimaliza kusimulia, mara nyingi swali limeondoka.

Akiuliza wazi, "Amekufa?" sema, "Ndiyo, Baba," umshike mkono. Usimkane.

Wako wanaojibu, "Amekwenda kuwinda, atarudi jioni." Mimi silipendi jibu hilo. Kwanza, mzee atatoka jioni kumlaki, naye atapotea. Pili, utalazimika kulishika neno lile kila siku, na moyo wako utachoka. Lakini sitamhukumu mwanamke aliyesema hivyo saa nane ya usiku, mgonjwa akiwa anavunja mlango ili atoke. Atafute usingizi, kesho ajaribu njia nyingine.

Pengine mzee atakushtaki: "Umemuuza mbwa wangu!" Usishindane naye. Si yeye, ni ugonjwa. Ondoka kidogo, chota maji, kisha urudi na neno lingine.

Liko jambo zito zaidi. Mzee anatembea kiwanjani usiku, anaita mbwa aliyekufa. Jirani anasikia katika giza. Asubuhi jirani anasema, "Anaongea na nani? Ndiye aliyemla mbwa yule. Kesho atamla mtoto." Wewe unajua maneno kama hayo yanafika wapi. Katika nchi yetu wazee wamefukuzwa, wamepigwa, wamechomewa nyumba kwa ajili ya neno la ulozi, na wengi wao walikuwa wagonjwa tu, wanawake wajane hasa. Usingoje maneno yaanze. Siku ile ile mbwa anapokufa, nenda kwa mchungaji na kwa chifu wa mtaa, mchana, waambie: mbwa wetu amekufa kwa sababu hii, mzee ana ugonjwa wa ubongo, mtamsikia akiita usiku. Omba muuguzi aende pamoja nawe kama anaweza. Jirani aliyeambiwa mapema anaweza hata kukusaidia kumrudisha mzee nyumbani.

Maana mbwa alikuwa na kazi, nayo sasa haina mtu. Mzee alipotoka, mbwa alifuatana naye, na watu wakimwona mbwa walijua mzee ni wa nani. Basi funga kengele ndogo au makopo mlangoni, usikie mlango ukifunguliwa. Shona kitambaa chenye jina lake na mtaa wenu ndani ya koti. Tafuta mjukuu wa kutembea naye saa zile zile alizotembea na mbwa, kwa sababu miguu yake bado inazijua saa zile. Na sahani ya mabaki usimnyang'anye. Mpeleke kwa kuku. Mpe maharagwe ya kuchambua, mahindi ya kupukuchua. Yakichanganyika si kitu. Utayachambua tena akilala.

Mzee akigeuka sana katika siku moja au mbili, akawa mwenye usingizi mno au mwenye fujo mno, usiseme ni huzuni ya mbwa. Huenda ni malaria, au homa nyingine, au mkojo umeziba, au hanywi maji. Mlete hospitali apimwe.

Nanyi washiriki wa kanisa, mnaoishi karibu na nyumba kama hii, msimwambie mama huyu, "Chukua mbwa mwingine." Msimwambie, "Afadhali ni mbwa kuliko mtu." Nendeni mkakae. Afadhali mmoja wenu akae na mzee saa mbili kila Jumatano, mama aende sokoni au alale, kuliko ninyi kumi kuja mara moja na nyimbo, kisha msionekane tena. Na akitaka kusimulia habari za mbwa, msikilizeni mpaka mwisho.

Juu ya mbwa mwingine, msiharakishe. Mtoto wa mbwa anakimbia kati ya miguu, na mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga, mfupa ambao kwa umri wake haupatani upesi. Tena ni nani atakayemlisha, kama si wewe uliyechoka? Afadhali, kama mnataka, mpate mbwa aliyekwisha kukua, mpole, aliyechanjwa kichaa cha mbwa. Siku ya kwanza mzee labda atamfukuza. Siku ya tatu labda atamwita Simba. Usimsahihishe, wala usiwaache watoto wamcheke. Mbwa hujifunza jina jipya kwa siku chache tu, hasa likija pamoja na tonge la ugali.