Sadaka Iliyotoka Ng'ambo

Wengi wetu hapa Simbo tumepata kufika Ujiji na kuonyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini ipo habari nyingine ya Ujiji isiyosimuliwa sana, nayo ni habari ya watoto. Yafaa tuijue, kwa sababu inajibu swali ambalo wanafunzi huulizana mara kwa mara: Kanisa la nchi ya mbali linapotoa fedha kwa ajili ya watoto lisiowajua, fedha hizo hufanya kazi gani, na mtoto hupata faida gani?

Makala haya si mahubiri. Shule yetu ni ya serikali, na ndani yake tumo Waislamu na Wakristo. Nia yangu ni kueleza tu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa alianzisha shirika la Kanisa Katoliki liitwalo Utoto Mtakatifu. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia watoto waliotupwa huko China. Askofu huyu aliwategemea watoto wenyewe zaidi ya matajiri. Aliwaomba watoto wa Ulaya kila mmoja atoe sarafu moja ndogo kwa mwezi na kusali sala fupi. Sarafu hiyo iliitwa sou, na sou 20 zilifanya faranga moja. Basi kwa mwaka mzima mtoto alitoa sou 12 tu, yaani faranga isiyotimia. Lakini watoaji walikuwa wengi, na haba na haba hujaza kibaba.

Hivyo ndivyo sadaka za namna hii zinavyokwenda hata leo. Fedha hukusanywa parokiani, hupelekwa kwa askofu, kisha hufika kwenye baraza kuu la shirika. Maaskofu wa nchi zenye shida huandika maombi yao, na baraza hugawa kwa kadiri ya mfuko ulivyo.

Sasa tusogee Afrika. Katika miaka ya 1867 na 1868 njaa kubwa na kipindupindu viliipiga Algeria. Watoto wengi walibaki hawana baba wala mama. Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, aliwakusanya mayatima zaidi ya elfu moja, akaandika barua kwa Wakristo wa Ufaransa kuomba msaada, nao wakatoa. Mwaka 1868 alianzisha shirika la wamisionari tunaowaita Mapadri Weupe, na mwaka 1869 shirika la masista. Kazi ya mwanzo ya mashirika hayo ilikuwa kuwalea mayatima hao.

Mapadri Weupe wa kwanza kuja kwetu waliondoka Bagamoyo katika mwaka 1878, wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Walisafiri kwa miguu muda wa miezi mingi. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa mwaka 1873, lakini huku bara biashara hiyo ilikuwa bado inaendelea. Watu walivushwa ziwani kutoka upande wa Kongo, na miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo. Waliouza na walionunua walikuwa wa makabila na mataifa mbalimbali. Hakuna kabila moja la kubebeshwa lawama yote.

Mapadri walianza kuwakomboa watoto, maana yake waliwanunua kwa fedha za sadaka kutoka Ulaya ili kuwatoa utumwani. Waliwalea katika misioni zao kando ya ziwa, kama vile Kibanga upande wa Kongo, na Karema upande wetu, waliyokabidhiwa mwaka 1885.

Hapa pana jambo gumu, na msomaji asilipite upesi. Anayemnunua mtoto ili amwokoe, anamlipa nani? Anamlipa yule yule aliyemteka au aliyemnunua kwa mtekaji. Mtu huyo akipata malipo, anaweza kurudi porini kutafuta mtoto mwingine. Lakini usipomnunua, mtoto aliye mbele yako anachukuliwa na msafara, na pengine anafia njiani. Mtu wa Ufaransa aliyetoa sou yake hakuliona jambo hili. Yeye aliona picha ya mtoto tu. Aliyesimama sokoni Ujiji ndiye aliyeliona. Lavigerie mwenyewe alijua kwamba kukomboa peke yake hakutoshi, na katika mwaka 1888 alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akitaka biashara yenyewe ikomeshwe.

Tena kuna jambo la pili. Mtoto aliyekombolewa hakuulizwa anataka kwenda wapi. Mara nyingi kwao palikuwa mbali, au palikwisha kuchomwa moto. Alikulia misioni, akaoa au kuolewa huko, akafuata amri za huko. Aliponea utumwa, lakini alikuwa amepoteza ukoo wake. Hasara hiyo haikulipika kwa sadaka yo yote.

Je, basi msaada ule ulikuwa bure? La. Tumtazame mtoto mmoja tunayemjua vizuri. Jina lake ni Adrien Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo sasa Mali. Alitekwa akiwa mdogo, akavushwa jangwa la Sahara, na Mapadri Weupe wakamkomboa katika nchi ya Algeria. Hawakuishia kumpa chakula na nguo. Walimsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta ajifunze uganga wa kizungu pamoja na vijana wengine wa Kiafrika.

Baadaye Atiman alifika Karema, katika mkoa wa Katavi wa leo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, naye hakuwa na ndugu hata mmoja katika nchi hii. Akaoa hapo, akawa katekista na mganga. Alitumia dawa za kizungu, na tena alijifunza dawa za miti za wenyeji. Aliwatibu watu wa pwani ya ziwa kwa muda wa miaka zaidi ya 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Karema methali hiyo ilitimia hasa.

Tuone tofauti iliyopo. Fedha iliyomtoa Atiman mikononi mwa mtekaji ilifanya kazi siku moja. Fedha iliyomfundisha ilifanya kazi miaka 60, na waliopata faida yake ni watu ambao mtoaji hakuwafikiria kabisa.

Siku hizi hakuna soko la watu Ujiji, lakini misaada kwa watoto ingaliko. Makanisa na mashirika ya Kikristo ya ng'ambo huwalipia watoto karo, matibabu na chakula, mara nyingi kwa kupitia makanisa ya hapa hapa nchini. Serikali nayo imeweka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inataka makao ya kulelea watoto yawe na leseni. Sheria hiyo ni ya lazima, kwa kuwa moyo mwema wa mtu aliye mbali hauwezi kuona yanayotendeka ndani ya nyumba iliyoko huku.

Basi mzazi anayeletewa habari za ufadhili wa mtoto wake asione haya kuuliza maswali matatu. Kwanza, je, mtoto atabaki na jamaa zake, au ataondolewa, na kwa sababu gani? Pili, nani hapa nchini anayesimamia fedha, na leseni yake iko wapi? Tatu, msaada ukikoma, mtoto atakuwa amebaki na nini, elimu na ufundi, au nguo kuukuu tu?

Nasi wanafunzi tusidhani kwamba kazi yetu ni kupokea peke yake. Utoto Mtakatifu umo pia katika parokia za Tanzania, na watoto wa hapa hutoa senti zao kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Na aliye na mfadhili asijione mnyonge mbele ya wenzake. Atiman alilipiwa na watu asiowaona, naye hakuwalipa wao. Aliwalipa wagonjwa wa Karema. Hilo ndilo deni, na namna ya kulilipa ndiyo hiyo.