Kosa Lililojificha Ndani ya Sekunde 8

Mwezi Machi 1986, katika kituo cha saratani mjini Tyler, Texas, nchini Marekani, mgonjwa aliyekuwa akitibiwa kwa mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 alihisi mshtuko mkali mgongoni. Skrini ilionyesha "Hitilafu 54", bila maelezo. Wahandisi waliikagua mashine, hawakuona kasoro, ikarudishwa kazini. Mwezi Aprili mgonjwa mwingine akaunguzwa. Wote wawili walifariki.

Waliofumbua fumbo hilo ni mwanafizikia wa kituo na mhudumu aliyeiendesha mashine, ambaye alikumbuka kila kitufe alichobonyeza. Walizirudia hatua zile hadi hitilafu ikatokea tena: aina ya mionzi iliposahihishwa upesi, ndani ya sekunde 8, programu haikutambua badiliko hilo, na mashine ikatoa dozi kubwa mno. Therac-20, iliyotangulia, ilikuwa na kosa kama hilo, lakini vizuizi vyake vya umeme na mitambo viliwalinda wagonjwa. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa. Ulinzi ukaachiwa programu.

Mgonjwa na aseme alichohisi. Mhudumu naye aandike hatua zote kwa mfuatano wake. Kosa lisilojulikana lilivyotokea haliwezi kurekebishwa.