Herufi za Kuhesabia katika Orodha za Kurasa za Wavuti

Alama itanguliayo kila kifungu cha orodha si pambo tu. Ni jina la kifungu hicho. Msomaji aambiwapo atazame kifungu (r), hana budi kukipata kile kile alichokikusudia mwandishi. Lakini katika kurasa za wavuti mwandishi kwa kawaida haziandiki alama hizo mwenyewe: kivinjari ndicho kihesabucho vifungu na kuziweka.

Lugha ya mitindo iitwayo CSS, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1996, humpa mwandishi hiari ya kuchagua tarakimu, namba za Kirumi au herufi za Kilatini. Herufi hizo ni 26, kwa mpango wa Kiingereza. Kiswahili sanifu hakina q wala x, na c haisimami peke yake ila katika ch. Basi herufi zake ni 24. Kwa kuwa ch hushika mahali pa c, mipango miwili hiyo hulingana kuanzia kifungu cha 4 hata cha 16. Hapo ndipo njia zigawanyikapo: kifungu cha 17 ni q kwa Kiingereza, ni r kwa Kiswahili. Hivyo (r) yaweza kuwa kifungu cha 17 au cha 18, na (y) cha 23 au cha 25.

Tangu hapo imepatikana kanuni ya kutungia mpango mwingine:

@counter-style herufi-kiswahili {
system: alphabetic;
symbols: "a" "b" "ch" "d" "e" "f" "g" "h" "i" "j" "k" "l" "m" "n" "o" "p" "r" "s" "t" "u" "v" "w" "y" "z";
prefix: "("; suffix: ") ";
}

Mstari wa kwanza wataja jina la mpango. Wa pili waagiza kwamba baada ya z zifuate aa, ab, ach na kuendelea. Wa tatu wapanga herufi, na wa nne waweka mabano. Kisha jina hilo hutajwa katika sifa ya orodha iitwayo list-style-type.

Firefox ilianza kuifuata kanuni hii mwaka 2014, Chrome mwaka 2021, na Safari mwaka 2023. Kivinjari cha zamani kisichoijua huonyesha tarakimu za kawaida. Kwa sababu hiyo, katika sheria na mikataba, ambamo haki ya mtu yaweza kutegemea herufi moja, yafaa herufi iandikwe ndani ya maandishi yenyewe, wala isiachiwe mtindo.