Mradi Ukikwama Njiani: Funzo Kutoka Dandora

Ndugu mkulima, huenda wenzako katika skimu wamekuchagua uwe msimamizi wa mradi. Pengine ni mradi wa kuvuta maji ya bomba, au josho la ng'ombe, au ghala la chama cha ushirika. Siku ya kwanza watu wote hufika na majembe yao, na msimamizi hupigiwa makofi. Lakini mwezi wa tatu mambo hubadilika. Saruji imepanda bei, fundi haonekani, watu kumi na wawili hawajatoa mchango, na mtaro uliochimbwa umeanza kuota majani. Kila unayekutana naye njiani anauliza, "Pesa zetu ziko wapi?"

Shida hizi si za skimu yako peke yake. Twende Nairobi, katika mitaa ya Eastlands, mbele ya Kariobangi, tukaone yaliyotokea Dandora.

Mwaka 1975 Serikali ya Kenya ilipatana na Benki ya Dunia juu ya mradi wa ploti 6,000 huko Dandora. Halmashauri ya Jiji la Nairobi ndiyo iliyopewa kazi hiyo, nayo iliunda idara mpya ya kuisimamia. Mwananchi hakujengewa nyumba nzima. Alipewa ploti yenye maji, choo na bafu, na njia ya maji machafu, kisha akapewa mkopo wa vifaa ili ajenge vyumba mwenyewe. Wewe uliyepata shamba katika skimu unaijua habari hii vizuri. Tangu skimu kubwa zilipoanza mwaka 1962, mkulima naye alipewa ardhi na mkopo, akaambiwa, "Haya, jisaidie."

Leo Dandora ni mtaa mkubwa wenye watu wengi sana. Lakini njiani mradi ulipata matatizo, nayo yatufaa sisi kuyajua.

Jambo la kwanza: Ni nani mwenye kauli ya mwisho?

Huko Dandora ubishi mkubwa ulitokea ndani ya ofisi za Jiji zenyewe. Maofisa wengine waliona kwamba majengo yale yalikuwa duni kuliko kanuni za ujenzi za mji. Wengine walisema kwamba mtu wa mshahara mdogo hawezi kulipia zaidi ya hapo. Kila upande ulikuwa na sababu zake, lakini wakati wa kubishana kazi ilichelewa, na gharama hazikungoja. Mtu anayengojea ploti yake huku analipa kodi ya chumba alichopanga ndiye aumiaye. Wazee walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kwa hiyo, kabla ya jembe la kwanza kupigwa, andikeni kwenye karatasi: nani anaidhinisha mapatano, nani anatia sahihi ya pesa, nani anamwamuru fundi. Mwonyesheni ofisa wa maji na Bwana Shamba mpango wenu mapema, si baada ya ukuta kusimama. Ubishi wa mwanzoni hugharimu maneno tu. Ubishi wa katikati hugharimu mifuko ya saruji.

Jambo la pili: Bei hupanda

Mradi wa Dandora ulianza baada ya bei ya mafuta kupanda sana duniani mwaka 1973, na mwaka 1979 ikapanda tena. Mafuta yakipanda, lori hupanda, na kila kinachopakiwa kwenye lori hupanda vile vile. Basi usipange pesa zako kana kwamba bei ya leo itakuwa ya mwaka ujao. Ikiwa hesabu yako inahitaji shilingi 100, tafuta 110, na zile 10 zisiguswe ila kwa idhini ya kamati.

Kama pesa hazitoshi, usianze kila kitu kwa pamoja. Dandora iligawanywa: ploti 1,000 hivi zilitangulia, na nyingine zikafuata. Nawe fanya hivyo. Bomba likifika kwa watu 20 na maji yakatoka, watu 80 waliobaki watatoa mchango kwa moyo. Lakini mtaro wa watu 100 usio na bomba hauvutii hata senti moja.

Jambo la tatu: Watu wanaorudi nyuma

Wako wenyeji wa Dandora ambao peke yao wasingeweza kujenga haraka. Wengi wao, na wanawake hasa, waliunda vikundi. Kila mwezi kila mmoja alitoa pesa, wakajenga chumba cha mwenzao mmoja, kisha cha mwingine. Wako pia waliopangisha chumba cha kwanza ili kodi yake iwasaidie kulipa mkopo.

Basi mtu akishindwa kulipa, usianze kwa kumtukana barazani. Nenda kwake, uulize sababu. Aliyefiwa na ng'ombe wake wa maziwa hawezi kulipa sawa na aliyeuza magunia 40 ya mahindi. Mpe muda, au achimbe mtaro badala ya pesa, na kazi yake iandikwe. Lakini aliye na uwezo akakataa tu, sheria ya kamati imfuate, hata akiwa ndugu yako. Ukimwachilia mmoja, kesho watakuwa kumi.

Jambo la nne: Fundi na vifaa

Mlipe fundi kwa kazi iliyopimwa, si kwa ahadi. Bomba likilazwa, lijazeni maji kwanza mwone kama linavuja, ndipo mlifukie na kulipa. Saruji iwekwe ndani ya nyumba, juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, kwa maana unyevu huiharibu. Kila mfuko utokao uandikwe, na jina la aliyeuchukua. Mali bila daftari huisha bila habari.

Jambo la tano: Sema ukweli mapema

Hapa ndipo wasimamizi wengi huanguka. Kazi ikichelewa, msimamizi huanza kujificha, na uvumi huchukua nafasi yake. Ita mkutano kila mwezi, hata kama habari ni mbaya. Soma hesabu kwa sauti: tulipokea kiasi hiki, tulitumia hiki, kilichobaki ni hiki, na kazi imechelewa majuma manne kwa sababu hii. Watu husamehe kuchelewa. Hawasamehi kufichwa.

Mwisho, kumbuka kwamba mradi hauishi siku ya kufunguliwa. Dandora ya leo ina magorofa mahali palipokusudiwa vyumba vichache, na mabomba yaliyochimbiwa familia chache yanabeba mzigo wa watu wengi. Nanyi katika skimu mtaongezeka, watoto watajenga, ng'ombe watazaa. Basi kabla hamjavunja kamati, chagueni mtu wa kutunza bomba, na muweke mchango mdogo wa kila mwezi wa kulitengeneza.

Jioni ya leo, chukua daftari, uandike majibu ya maswali matatu: Nani ana kauli ya mwisho? Pesa zilizobaki ni ngapi? Nani amerudi nyuma, na kwa nini? Kama huwezi kuyajibu, ita kamati juma hili, wala usingoje majani yafunike mtaro.